Mchomozo wa pini kwenye bunduki ya bolti: pima kwanza kabla hujazungusha kitu

#1 Mwindaji wa Baridi (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Nimeona mara kadhaa humu ndani mtu akiuliza kwa nini bunduki yake ya bolti (ile yenye chuma cha kuvutwa kwa mkono kinachofunga nyuma ya mtutu) inapiga "tak" bila risasi kulia, na jibu linalowahi kufika ni kwamba pini, kile kijiti cha chuma ndani ya bolti kinachogonga risasi ili ilie, imekuwa fupi, kwa hiyo irefushwe. Ushauri huo ulinifikisha mahali ambapo, kama nisingevaa miwani siku ile, leo ningekuwa natazama kwa jicho moja. Naomba mnivumilie niandike kwa urefu, kwa sababu jambo hili likielezwa kwa mkato linampoteza msomaji.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi jimbo la Minnesota, Marekani, ambako kila Novemba watu wenye vibali huingia msituni kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Bunduki yangu ni Mosin-Nagant ya muundo wa 91/30 iliyotengenezwa Izhevsk, mojawapo ya zile zilizotoka kwenye maghala ya jeshi na kuuzwa hapa kwa bei ya chini. Asubuhi ya kwanza ya msimu ule baridi ilikuwa kali kiasi cha pumzi kuganda kwenye ndevu. Kulungu alisimama, nikalenga, nikafyatua, nikasikia "tak" ya uvivu tu. Nilikaa nusu dakika nikiwa nimeelekeza mtutu upande salama, maana ipo risasi inayochelewa kulia, kisha nikafungua bolti. Fataki, yaani kile kikombe kidogo kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti kikigongwa, ilikuwa na kidimbwi kidogo mno, kama alama ya ncha ya kalamu iliyoguswa juu ya udongo wa mfinyanzi. Risasi ya pili ililia. Ya tatu ikagoma tena.

Niliipeleka kwa fundi mmoja wa mjini, ambaye sitamtaja. Alitazama zile fataki mbili, akasema pini haitoki vya kutosha, akaifungua bolti mbele yangu, akaizungusha pini ili isogee mbele, akanirudishia. Hakupima kabla wala baada. Nilipokwenda uwanja wa shabaha, risasi mbili za kwanza zililia vizuri, nami nikafurahi. Ya tatu ililia, lakini nilihisi pumzi ya moto shavuni, na kioo cha kulia cha miwani yangu kikawa na vitone vyeusi kama vumbi la mkaa. Nilipotoa ganda, katikati ya fataki palikuwa na tundu la mviringo lenye ukingo mweusi, ambalo ungeweza kupitisha ncha ya sindano. Gesi ilikuwa imerudi nyuma kwa kuifuata pini.

Siku hiyo sikupiga risasi nyingine. Nilirudi nyumbani, nikafungua bolti yote mezani, na nikakuta mambo mawili. La kwanza, ndani ya mwili wa bolti, kuizunguka springi, kulikuwa na grisi ya zamani ya kuhifadhia silaha, rangi ya kahawia, nzito kama asali iliyoganda. La pili, mchomozo wa pini, yaani urefu wa ncha unaobaki nje ya uso wa bolti, ulikuwa milimita 2.62, wakati kikomo chake cha juu kwenye bunduki hii ni karibu milimita 2.41. Kwa hiyo ugonjwa wa awali ulikuwa grisi iliyokuwa inakaza kwa baridi na kuichelewesha pini. Ugonjwa wa pili ulikuwa dawa ya ugonjwa ambao haukuwepo.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Mchomozo ni urefu wa ncha ya pini unaobaki nje ya uso wa bolti pale pini inapokuwa imekwenda mbele hadi inapozuiliwa, yaani bunduki ikiwa haijakokiwa. Watu wengi hudhani kwamba pini ikichomoza zaidi inagonga kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Nguvu ya kugonga inatoka kwenye springi na kwenye umbali ambao pini inasafiri ikisukumwa na springi hiyo. Mchomozo unaamua tu ncha inaruhusiwa kuzama kina gani kabla ya kusimamishwa. Kama springi imechoka au pini inajikokota ndani ya grisi, unaweza kuirefusha pini unavyotaka na kipigo kitabaki dhaifu vilevile.

Kwenye Mosin hali ni mbaya zaidi ya hapo, na hili nililifahamu nilipoishika pini mkononi. Springi inaizunguka pini, imebanwa kati ya kola (pete iliyotokeza) iliyo mbele ya pini na ukuta wa nyuma ndani ya mwili wa bolti. Mkia wa pini una hesi, nao umeingia kwenye kile kichwa cha nyuma tunachokivuta wakati wa kukoki. Ukiifungua pini kutoka kwenye kichwa hicho ili irefuke mbele, ile kola nayo inasogea mbele, na springi inalegea kidogo. Aliyeniongezea mchomozo alinipunguzia nguvu ya kipigo kwa mkono uleule, ingawa kwa kiasi kidogo.

Warusi walikwisha kulifanyia kazi suala la kipimo tangu zamani. Askari alipewa kifaa bapa cha chuma ambacho ni bisibisi na ni kipimo kwa pamoja, chenye mapengo yaliyoandikwa 75 na 95. Namba hizo ni sehemu za elfu za inchi, yaani takriban milimita 1.9 na 2.4. Msishangae kuona inchi kwenye silaha ya Kirusi: bunduki hii ilipopokelewa mwaka 1891 iliitwa bunduki ya mistari mitatu, na mstari mmoja ulikuwa sehemu ya kumi ya inchi, ndiyo maana mtutu ni milimita 7.62. Unaegemeza ukingo wa kifaa kwenye uso wa bolti na kukipitisha juu ya ncha ya pini. Pengo la 95 linapaswa kupita bila kugusa. Pengo la 75 linapaswa kugusa ncha. Likipita bila kugusa, pini ni fupi. La 95 likikwama, pini ni ndefu.

Utaratibu niliofuata ni huu. Kwanza nilihakikisha chemba na magazini ni tupu, kwa jicho na kwa kidole, na risasi zote zikawa chumba kingine. Nikatoa bolti. Bolti ya Mosin ikitoka kwenye bunduki inakuwa imekokiwa, kwa hiyo nikavuta kichwa cha nyuma kidogo, nikakizungusha, nikakiachia taratibu kiende mbele, na ncha ya pini ikachomoza. Kipimo kinachukuliwa katika hali hiyo tu, kichwa cha bolti kikiwa mahali pake. Kisha nikavua kichwa cha bolti pamoja na upau wake wa kuongozea, nikasimamisha pini juu ya kipande cha mbao, nikasukuma mwili wa bolti chini ili springi ibanwe, na nikafungua kichwa cha nyuma. Hapo mtu awe mwangalifu, kwa sababu springi ile ina nguvu na haina huruma na uso wa mtu aliyeinama juu yake.

Wakati wa kurudisha kuna alama. Nyuma ya pini kuna mstari, na kichwa cha nyuma kina mstari wake. Mwisho wa pini unapolingana na uso wa kichwa hicho na mistari ikakutana, mara nyingi umefika kwenye mchomozo wa kiwandani au karibu nao. Tena pini haiwezi kusimama popote unapotaka, kwa sababu sehemu yake ya mbele ina pande mbili bapa zinazopita kwenye tundu la upau wenye umbo hilohilo. Ikiwa imesimama kimshazari, bolti haiungani. Hata hivyo mistari ni mwongozo tu, kwa sababu bolti nyingi za maghala zimebadilishwa pini au vichwa katika karakana za jeshi. Kinachotoa hukumu ni kipimo.

Naomba maoni ya wenye uzoefu, hasa wa bunduki za aina nyingine.

#2 Kijana wa Useremala

Ahsante sana kaka kwa maelezo haya. Nina maswali mawili. Kwanza, mimi sina hicho kifaa cha Kirusi, lakini nina venia kalipa nzuri. Je, ule msumari wake wa kupimia kina hautoshi? Pili, kama pini ni ndefu kwa nini mtu asiipunguze kwa tupa kidogo badala ya kuhangaika na hesi?

#3 Mwindaji wa Baridi (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu, maswali yako yote mawili ni ya msingi.

Kalipa inatosha, ila kuna mtego. Uso wa bolti ya Mosin umezama kidogo, na kuuzunguka kuna ukingo unaopokea kitako cha risasi, kwa sababu risasi ya 7.62x54R ina kitako kipana kilichotokeza. Ukiegemeza kalipa kwenye ukingo ule badala ya sakafu ambayo fataki inakaa, utapata namba ndogo kuliko ukweli, utaamini pini ni fupi, na utairefusha. Pima kina kutoka kwenye ukingo hadi sakafu, kisha kutoka kwenye ukingo hadi ncha ya pini, halafu jumlisha ikiwa ncha imetokeza nje ya ukingo, au toa ikiwa iko chini yake. Rudia mara tatu, na kati ya kipimo na kipimo uisukume pini kwa kidole ili uhakikishe imekaa mbele kabisa.

Kuhusu tupa, nakusihi usiiguse. Ncha ya pini inatakiwa kuwa nusu mviringo, laini, kama kichwa cha kalamu ya wino ukikitazama kwa lenzi. Tupa inaacha ubapa na makali pembeni, na makali hayo ndiyo yanayokata kisahani kwenye fataki hata kama mchomozo uko ndani ya kipimo. Isitoshe, kilichokatwa hakirudi. Kwenye bunduki yenye hesi huna sababu yoyote ya kupunguza chuma. Na kama fataki imewahi kutoboka, itazame ncha kwa lenzi kabla ya jambo lolote. Yangu ilikuwa na shimo dogo upande mmoja, limeliwa na gesi ya moto kama chuma kilicholiwa na kutu. Pini ile sikuisugua, niliibadilisha.

#4 Mzee wa Pori

Nimeusoma uzi huu kwa makini kwa sababu nimebeba bunduki za bolti kwa miaka mingi nikiwa askari wa wanyamapori, na sasa nimestaafu. Kijana amesema kweli, nami niongeze ya kwetu.

Huko kwake adui ni baridi. Kwetu adui ni vumbi. Kiangazi, magari yakiwa yanatimua vumbi jekundu kutwa nzima, askari mgeni anaipenda bunduki yake, anaimiminia mafuta mpaka yanachuruzika. Mafuta yale yanaingia ndani ya bolti, yanakutana na vumbi, na baada ya wiki mbili unapata uji mzito unaoizuia pini sawasawa na ile grisi ya Minnesota. Mwaka mmoja mwenzangu alimlenga nyati aliyejeruhiwa, akiwa na bunduki ya .375 (kipenyo kwa inchi), bunduki ikasema "tak". Mungu alitusaidia kwa sababu nilikuwa pembeni yake na yangu ikalia. Jioni tulifungua bolti yake, tukaisafisha kwa mafuta ya taa, tukaikausha kwa kitambaa hadi ndani, tukaipaka mafuta membamba kiasi cha kung'aa tu. Haikugoma tena msimu mzima. Hakuna aliyegusa urefu wa pini.

Jambo la pili, nawaonya wasomaji wasidhani kila bunduki inarekebishwa kwa kuzungusha. Mauser 98 pini yake ni kipande kimoja. Kile kipande cha nyuma cha kukokia hakikufungwa kwa hesi. Kinaingia kwenye meno na kufungwa kwa robo mzunguko. Hakuna cha kurefusha wala kufupisha pale. Ikiwa mchomozo umepungua kwa sababu ncha imelika au imevunjika, unanunua pini nyingine. Kuna mtu mmoja alijaribu kuizungusha ya Mauser kwa koleo, akaharibu meno, na bunduki ikalala ghalani mwaka mzima ikisubiri kipuri.

#5 Mwindaji wa Baridi (mwanzisha uzi)

Shikamoo mzee. Nashukuru sana kwa ushuhuda huu wa vumbi, kwa sababu mimi nilikuwa nimelitazama tatizo kwa jicho la baridi peke yake. Naomba kuuliza: zile .375 mlikuwa mnazipima pini zake kwa kipimo gani?

#6 Mzee wa Pori

Marahaba mwanangu. Tulikuwa na fundi wa silaha makao makuu aliyekuwa na geji zake, nasi tulimpelekea bolti mara moja kwa mwaka. Kwa bunduki nyingi za kisasa za kuwindia alikuwa anataka kati ya sehemu 55 na 65 za elfu za inchi, yaani karibu milimita 1.4 hadi 1.65. Kwa hiyo unaona mwenyewe, ile 75 ambayo ni ya chini kwenye Mosin yako, kwetu ingekuwa imezidi. Mtu akichukua namba za bunduki moja akazihamishia kwenye nyingine, atatoboa fataki.

#7 Mlengaji wa Nakuru

Habari zenu. Mimi ni mwanachama wa klabu ya shabaha huku Kenya. Kama mnavyojua, uwindaji kwetu ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo bunduki za bolti tunazoziona ni za shabaha tu, na baadhi yake ni Lee-Enfield za .303 za kizamani zinazotunzwa kwa upendo. Ya rafiki yangu imeanza kugoma risasi moja kati ya kumi. Nilitazama nyuma ya bolti nikaona pini yake ina hesi na kuna skrubu ndogo inayoishikilia. Baada ya kusoma uzi huu nilifikiri ni sawa na Mosin, kwamba tulegeze ile skrubu tuizungushe pini. Je, niko sahihi?

#8 Binti Karakana

Ndugu Mlengaji, naomba usizungushe bado. Mimi ni fundi wa mashine za kukereza chuma, na nimefundishwa silaha na mtu aliyezifanyia kazi jeshini. Swali la kwanza kwa bunduki yoyote liwe hili: ni kitu gani kinachoisimamisha pini inapokwenda mbele? Ukishalijibu hilo, utajua mchomozo unatoka wapi.

Kwenye Mosin, kichwa cha nyuma kinagonga mwili wa bolti, na hapo pini inasimama. Kwa hiyo umbali kati ya kichwa hicho na ncha ndio unaoamua mchomozo, na umbali huo unatawaliwa na hesi. Maelezo ya mwanzisha uzi ni sahihi kwa silaha hiyo.

Kwenye Lee-Enfield mambo yamegeuzwa. Kinachoisimamisha pini ni kola iliyo mbele yake, inayokwenda kugota nyuma ya kichwa cha bolti, kile kinachofungwa kwa hesi mbele ya mwili wa bolti. Kipande cha nyuma cha kukokia kinatakiwa kibaki na nafasi ndogo bila kuugusa mwili wa bolti. Ukiizungusha pini, unasogeza kipande cha nyuma tu, wakati mchomozo unabaki palepale, kwa sababu kola bado inagota mahali palepale. Ukizidisha kuikaza, kipande cha nyuma kitaanza kugonga mwili wa bolti kabla kola haijafika, na hapo ndipo mchomozo utapungua. Yaani unaweza kutengeneza ugonjwa uliokuwa unautibu. Tena unaposogeza kipande cha nyuma unabadilisha mahali kinapokamatwa na ndoana ya kifyatuo, jambo ambalo si la kuchezea.

Kwa hiyo kwa .303 ya rafiki yako, fanyeni hivi kwa mpangilio. Hakikisheni kichwa cha bolti na mwili wake vinatoka pamoja, kwa sababu kwenye Lee-Enfield ya toleo la No. 4 vichwa hivyo vilitengenezwa kwa urefu tofauti, vikapewa namba kuanzia 0 hadi 3, ili kurekebisha nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi. Nafasi hiyo ikiwa kubwa, risasi inasukumwa mbele na pini badala ya kubaki imetulia, na kipigo kinapotea. Mtu akibadilisha kichwa bila kupima, ataona risasi zinagoma na atailaumu pini. Kisha safisheni ndani. Kisha badilisheni springi, maana ni kipuri cha bei ndogo na huenda ina umri wa babu zetu. Mkifika hapo na bado inagoma, ndipo mpime mchomozo, na mpeleke kwa fundi mwenye leseni.

#9 Mlengaji wa Nakuru

Dada, nimekuelewa vizuri, na nakiri kwamba jioni hii tungekuwa tumeshaifungua. Naomba ufafanuzi wa jambo moja: je, risasi zenyewe haziwezi kuwa na kosa? Wenzetu wanatumia za zamani sana.

#10 Binti Karakana

Zinaweza, na mara nyingi ndizo. Fataki iliyozamishwa kupita kiasi ndani ya kitako cha ganda inaimeza sehemu ya mchomozo, kwa hiyo pini iliyo sahihi inaonekana fupi. Fataki za kijeshi kwa kawaida ni ngumu kuliko za kiraia. Jaribu risasi za aina mbili au tatu kutoka makasha tofauti, uandike daftarini ipi imegoma na alama yake ikoje. Ukiona aina moja tu inagoma, acha bunduki, tupa lawama kwenye kasha. Ukiona zote zinagoma na alama zote ni hafifu, rudi kwenye bolti. Ukiona alama iko pembeni badala ya katikati, hilo ni suala jingine kabisa, na linamhusu fundi.

Na kwa wanaotumia risasi za zamani za jeshi: fataki nyingi za enzi zile huacha chumvi baada ya kulia. Chumvi hiyo inavuta unyevu na kuleta kutu kwenye mtutu, kwenye uso wa bolti na ndani ya tundu la pini. Mafuta hayaiondoi. Maji ya moto ndiyo yanayoiyeyusha, kisha unakausha kabisa na kupaka mafuta. Tundu la pini lililoota kutu linaikamata pini kama mlango wa mbao wakati wa masika.

#11 Mzee wa Pori

Binti, Mungu akuzidishie. Hilo la kuuliza pini inasimamishwa na nini ni neno nililolitafuta kwa miaka bila kulipata.

Niongeze kwa vijana wa nyumbani. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza silaha ni kazi ya mwenye leseni. Mmiliki ana haki na wajibu wa kusafisha bunduki yake, na kufungua bolti kwa ajili ya usafi hakuna atakayekulaumu. Lakini kugusa pini, springi ya kifyatuo au nafasi ya chemba, mpelekee fundi anayetambulika. Kupima hakukatazwi, na mtu akienda kwa fundi akiwa na namba mkononi, fundi naye anakuwa makini. Ndugu yetu wa Minnesota angekwenda na namba yake, asingerudishiwa bunduki ikiwa na milimita 2.62.

#12 Kijana wa Useremala

Kaka, umesema ulibadilisha pini. Je, pini mpya inaingia tu na kufanya kazi, au nayo inapimwa?

#13 Mwindaji wa Baridi (mwanzisha uzi)

Inapimwa tena kana kwamba hujawahi kupima. Pini niliyonunua ilikuwa imetoka kwenye bolti nyingine, na mstari wake haukukutana na mstari wa kichwa changu cha nyuma hata nilipofikia urefu uliokaribia. Hapo ilinibidi nichague kati ya kufuata mstari na kufuata kipimo. Nilifuata kipimo. Nikairudisha nusu mzunguko, nikaunganisha bolti, nikapitisha kifaa: 95 likapita kwa hewa, 75 likagusa. Kalipa ikasoma milimita 2.2, mara tatu mfululizo. Nikaweka alama mpya ndogo kwa kalamu ya rangi ili nikija kuifungua nijue mahali pake.

Baada ya hapo nilipima jambo jingine ambalo sijalitaja. Niliikoki na kuifyatua bolti ikiwa kwenye bunduki tupu, kwa risasi ya bandia chembani, mara ishirini, kisha nikatoa bolti na kupima upya. Kama kichwa cha nyuma kingekuwa kinajifungua chenyewe kwa mtikisiko, namba ingebadilika. Haikubadilika.

#14 Binti Karakana

Hilo la kupima tena baada ya kufyatua mara kadhaa ni zuri sana, wengi hawalifanyi. Na ulipokwenda uwanjani?

#15 Mwindaji wa Baridi (mwanzisha uzi)

Nilisubiri siku ya baridi makusudi, nikaiacha bunduki nje kwenye gari usiku kucha, imefungiwa na bila risasi, ili ipoe hadi ndani. Asubuhi nilipiga risasi arobaini za kasha lilelile lililokuwa linagoma. Niliandamana na mwenzangu ambaye kazi yake ilikuwa kuokota kila ganda na kulipanga kwenye ubao kwa mfuatano. Zote arobaini zililia. Tulipozitazama kwa lenzi, kila fataki ilikuwa na kidimbwi cha mviringo katikati, chini yake kukiwa laini na kingo zikiwa nzima, bila ufa wala weusi. Uso wa bolti ulikuwa safi.

Lile ganda lenye tundu bado ninalo, limekaa kwenye kopo la vipuri pamoja na pini iliyoliwa na gesi. Ndugu Mlengaji, ukimaliza ile .303 naomba urudi hapa utuandikie: namba ya kichwa cha bolti, springi mpya ilileta tofauti gani, na mchomozo ulisoma ngapi.

#16 Mlengaji wa Nakuru

Nitarudi, kaka. Tumeifungua leo kwa ajili ya usafi tu. Kichwa ni namba 1, namba ya mwili wa bolti inalingana na ya bunduki, na ndani ya tundu la pini tumetoa kutu ya rangi ya matofali iliyojaa ncha ya kijiti cha pamba. Springi mpya imeagizwa kupitia fundi wa klabu. Pini hatujaigusa.